Mistari, ukuta unaopumua au nyuso: nadharia ipi ya maruweruwe ya macho uichague?

Mtu aliye chini ya LSD au silosaibini anaweza kusimulia mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Akifumba macho anaona masega ya nyuki, tando za buibui na mahandaki. Akiyafumbua, ukuta unapumua na zulia linatiririka kama maji. Dozi ikiwa kubwa, nyuso na wanyama wanajitokeza kwenye mafundo ya mbao za mlango. Makala nyingi huyatia yote kapu moja kwa jina la "maruweruwe", kisha hutafuta nadharia moja ya kuyabeba. Nadharia hiyo haipo. Zipo nne zinazotumika zaidi (mawimbi ya gamba, makisio yaliyolegea, mtandao wa ndoto na lango la thalamasi), kila moja ina kazi inayoiweza, na ukiichukua ya mistari ukaipa kazi ya nyuso itakuangusha.

Ulinganisho huu ni wa anayelazimika kuchagua: mwanafunzi wa tasnifu, mwalimu wa saikolojia au baiolojia, mtu wa programu anayetaka kuigiza picha hizo kwenye kompyuta. Hauhitaji dawa yoyote. LSD, silosini, silosaibini, DMT na meskalini zimo katika Jedwali la I la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na kila hesabu iliyo hapa chini inafanyika kwa kikokotoo na masimulizi yaliyokwisha kuchapishwa.

Wanapokubaliana wote

Pa kuanzia hapana ubishi mkubwa. Dawa hizi, zinazoitwa saikedeliki, hushika kipokezi cha serotonini, kemikali ya mawasiliano ya seli za ubongo, kinachojulikana kama 5-HT2A, na hapo ndipo maruweruwe yanapoanzia. Mwaka 1998 kundi la Franz Vollenweider mjini Zurich liliwapa watu ketanserini, dawa inayoziba kipokezi hicho, kabla ya kuwapa silosaibini. Kadiri ketanserini ilivyoongezwa ndivyo athari zilivyozimika. Haloperidoli, ambayo huziba vipokezi vya dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, haikufua dafu. Mwaka 2017 ketanserini ikaizima LSD vivyo hivyo.

Vipokezi hivi vimejaa kwenye gamba la ubongo, hasa kwenye seli kubwa za piramidi za tabaka la 5, katika matawi yao yanayopanda juu. Jicho lenyewe si chanzo. Mboni hutanuka, kweli, na mtu huona ukungu na kuumizwa na mwanga, lakini uchunguzi wa mwaka 1963 ulionyesha kwamba hata baadhi ya vipofu kabisa walipata maruweruwe ya macho kwa LSD, yasiyotofautiana na ya wanaoona. Mjadala basi ni juu ya kinachofuata baada ya kipokezi kushikwa, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Kwanza ijue picha unayotaka kuieleza

Kuna maswali matatu ya kuliuliza simulizi lolote kabla hujagusa nadharia. Macho yalikuwa wazi au yamefumbwa? Kilichoonekana ni mchoro mtupu au kitu chenye jina? Na la tatu, ambalo wengi hulisahau ingawa ndilo lenye nguvu kuliko yote: jicho lilipohama, picha ilihama nalo au ilibaki pale pale ukutani?

Swali hilo la tatu ni kama kisu. Eneo la kwanza la kuona kwenye gamba la ubongo, V1, limepangwa kama ramani ya retina. Mchoro unaozaliwa humo umebandikwa kwenye ramani hiyo, kwa hiyo jicho likienda kulia, nao unakwenda kulia. Tena upana wake ni wa nyuzi za pembe, si wa sentimita. Nyuzi 1 ni takriban sm 0.9 kwenye kitabu kilicho sm 50 kutoka usoni, na ni zaidi ya sm 5 kwenye ukuta ulio mita 3 mbele. Kwa hiyo msimuliaji akisema "sega lilikuwa dogo kwenye kitabu, nilipoinua macho likawa kubwa ukutani", amekuambia bila kujua kwamba linatoka katika eneo lenye ramani ya retina. Akisema uso ulibaki kwenye fundo lile lile la ubao hata alipotazama pembeni na kurudi, uko kwenye biashara nyingine kabisa: hapo ubongo unakisoma kitu kilichopo na kukisoma vibaya.

Nadharia ya mawimbi ya gamba: bingwa wa mistari

Heinrich Klüver alichunguza maono ya meskalini miaka ya 1920 na kuona kwamba, pamoja na wingi wa masimulizi, maumbo yanarudi kwenye makundi manne: vyandarua na masega; tando za buibui; mahandaki na faneli; misokoto kama ganda la konokono. Miaka hamsini hivi baadaye, mwaka 1979, Bart Ermentrout na Jack Cowan walitoa hesabu inayoeleza kwa nini iwe hayo na si mengine. Paul Bressloff na wenzake waliiboresha mwaka 2001 kwa kuingiza seli zinazochagua mwelekeo wa mstari.

Hoja yao imesimama juu ya miguu miwili. Wa kwanza ni ule wa Alan Turing wa mwaka 1952: panapokuwa na vitu vinavyochocheana kwa karibu na kuzuiana kwa mbali kidogo, utulivu ukivurugika havisambaratiki ovyo, bali hujipanga kwa mistari au madoa yenye nafasi sawa. Seli za V1 ziko hivyo. Zikichochewa kupita kiasi, mistari hujitokeza kwenye gamba lenyewe bila kitu chochote mbele ya macho.

Mguu wa pili ni ramani. Gamba halilitendei eneo lote la kuona kwa usawa. Katikati ya jicho hupewa nafasi kubwa mno, pembeni hupewa makombo. Jonathan Horton na William Hoyt walitoa kanuni ya makadirio kwa binadamu mwaka 1991:

M = 17.3 ÷ (E + 0.75)

M ni milimita za gamba kwa kila nyuzi moja ya kuona, E ni umbali kutoka katikati ya macho kwa nyuzi. Kwenye nyuzi 1 unapata karibu mm 9.9. Kwenye nyuzi 10, mm 1.6. Kwenye nyuzi 30, mm 0.56 tu.

Sasa chukua mistari iliyonyooka kwenye gamba, yenye wimbi la mm 2 (mstari mmoja mweusi na mweupe wake), uirudishe nje kwa macho. Mpigo mmoja unakuwa na upana wa nyuzi 0.2 karibu na katikati, kwenye nyuzi 1; nyuzi 1.2 ukifika nyuzi 10, nyuzi 3.6 kwenye nyuzi 30. Kidole gumba ukikinyoosha mkono mzima kina upana wa nyuzi 2 hivi, kwa hiyo mpigo wa katikati ni mwembamba kuliko ukucha na wa pembeni ni mnene kuliko gumba lenyewe. Mistari ikisimama kwenye gamba kwa mwelekeo mmoja, huku nje inakuwa duara ndani ya duara: ukishatoka katikati kabisa, kila duara ni karibu asilimia 12 kubwa kuliko la ndani yake, na kati ya nyuzi 1 na 20 yanaingia takriban 21. Ukiigeuza robo mzunguko inakuwa miale inayotoka katikati, karibu 50 kuzunguka pande zote ikiwa utachukulia kwamba gamba linapanua sawa kila upande. Ukiiweka mshazari, unapata msokoto.

Handaki, basi, halina kina. Ni maduara yanayokua kwa uwiano karibu ule ule, na ubongo, uliozoea kwamba kinachokua kuelekea pembeni kiko karibu zaidi, unajisomea kina. Hakuna nadharia nyingine kati ya hizi nne inayokupa namba unazoweza kuzipeleka kwa msimuliaji na kumwuliza: yalikuwa madogo katikati au sawa kote?

Ramani hiyo ina shahidi wa nje pia. Karl Lashley, mwaka 1941, alichora upinde wa meno ya msumeno aliokuwa akiuona kabla ya kipandauso chake, akakadiria kwamba kinachousukuma husafiri kwenye gamba kwa mm 3 hivi kwa dakika. Ukitumia kanuni ya hapo juu, kutoka nyuzi 1 hadi 10 ni mm 31, yaani dakika kumi na kidogo. Kutoka nyuzi 10 hadi 20 ni mm 11 tu, chini ya dakika nne. Wenye kipandauso husimulia hivyo hivyo: upinde unaanza kwa kujikokota, kisha unakimbilia pembeni.

Wanaoigiza nadharia hii kwenye kompyuta huangukia mashimo matatu. La kwanza, hutumia logarithimu tupu bila ile 0.75, na programu inagonga mwamba katikati kabisa, kwa sababu logarithimu ya sifuri haina mwisho. La pili, husahau kwamba V1 ni mbili, moja kila upande wa ubongo, kila moja ikishika nusu ya eneo la kuona. Usipounganisha pande zote vizuri, miale inavunjika kwenye mstari wa katikati. La tatu, huchanganya upana wa mstari na upana wa wimbi zima, na mchoro wote unatoka mara mbili ya inavyotakiwa.

Udhaifu wake uko wazi. Rangi karibu haizigusi. Ukuta unaopumua haumo. Uso haumo, wala hautakuwemo hata uongeze vigezo kumi, maana V1 haijui uso ni nini. Tena usiipime kwa panya. Kwa binadamu, nyani na paka, seli za V1 zinazopenda mwelekeo mmoja hukaa pamoja kwa safu, na toleo la mwaka 2001 linategemea safu hizo. Kwa panya zimechanganyika kama chumvi na pilipili. Panya anaweza kukufundisha mengi kuhusu kipokezi, lakini si kuhusu sega la nyuki.

Kama unahitaji jaribio la binadamu bila dawa, mwanga wa kumetameta juu ya kope zilizofumbwa huleta maumbo ya familia hiyo hiyo. Jan Purkyně aliyaandika tangu mwaka 1819. Vincent Billock na Brian Tsou walionyesha mwaka 2007 jambo tamu zaidi: ukiweka maduara halisi kando ya eneo tupu linalomemeta, watu huona miale kwenye eneo tupu, na ukiweka miale huona maduara. Mchoro wa uongo unakwenda pembemraba na wa kweli, jambo unalotazamia kwenye gamba ambalo majirani wanazuiana. Hata hivyo, kumetameta kunaweza kuleta kifafa kwa wenye kuhisi mwanga, hatari ikiwa kubwa zaidi kati ya mimemeto 15 na 25 kwa sekunde. Ndiyo maana miongozo ya utangazaji hukomea 3 kwa sekunde. Usilifanye darasani kwa kundi usilolijua afya yake, na haitoshi kuuliza "nani ana kifafa?", kwa sababu wengine hugundua siku hiyo hiyo.

Makisio yaliyolegea dhidi ya mtandao wa ndoto

Hizi mbili huwekwa pamoja kwenye makala za intaneti kana kwamba ni ndugu. Ni mahasimu.

Makisio yaliyolegea ni pendekezo la Robin Carhart-Harris na Karl Friston la mwaka 2019. Linaanza na dhana kwamba ubongo hauoni kwa kupokea tu. Maeneo ya juu hukisia kilichopo na kuyatuma makisio chini, na yanayotoka machoni husahihisha pale makisio yalipokosea. Saikedeliki, wanasema, hulegeza uzito wa makisio ya juu, na habari za chini zinapanda bila mchujo wa kawaida. Ukuta wa kawaida umetulia kwa sababu ubongo umeshikilia kwamba kuta hazitembei. Legeza ushikiliaji huo, na kila mtikisiko mdogo wa jicho na kelele za seli zinapata nafasi ya kuonekana kama mwendo wa ukuta.

Mtandao wa ndoto unakwenda kinyume. Mwaka 2015 Alexander Mordvintsev wa Google alichukua mtandao wa kompyuta uliofunzwa kutambua picha, akaugeuza. Badala ya kuuliza "hii ni picha ya nini?", unachagua tabaka moja la mtandao, unabadilisha vinukta vya picha kidogo kidogo ili tabaka hilo lisisimke zaidi, unarudia mara nyingi, kwenye picha ndogo kwanza kisha kubwa. Ukichagua tabaka la chini unapata mistari na kingo. Ukichagua la juu, mawingu yanaota macho na midomo ya mbwa. Hapa makisio hayakulegea. Yamekazwa mpaka yanapaka kitu kisichokuwepo.

Mbwa hao si fumbo la nafsi, ingawa nimesoma maandishi yanayowapa maana nzito. Mkusanyiko wa picha uliotumika kufunza mitandao hiyo una makundi 1000, na zaidi ya 100 kati yake ni aina za mbwa. Ulichofunzwa ndicho unachokiota.

Keisuke Suzuki, Anil Seth na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sussex waliuvalisha mtandao huo kwenye miwani ya uhalisia pepe mwaka 2017. Majibu ya dodoso kuhusu yaliyoonekana yalifanana kwa sehemu na ya watu waliopewa silosaibini. Lakini hisia ya wakati kupinda, ambayo kwa dawa ni ya kawaida, haikutokea. Kwangu matokeo hayo ya pili yana thamani kuliko ya kwanza: yanaonyesha kwamba macho yanaweza kudanganywa peke yake bila sehemu nyingine ya akili kufuata.

Kwa nyuso na wanyama, chagua mtandao wa ndoto. Hata kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa Charles Bonnet, ambao huona vitu baada ya macho kudhoofika, Dominic ffytche na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwa picha za MRI kwamba anayeona nyuso anasisimka eneo la nyuso, na anayeona rangi anasisimka eneo la rangi. Kitu chenye jina kinahitaji eneo linalolijua jina hilo, na katika nadharia hizi nne mtandao ndio pekee wenye maeneo ya aina hiyo ndani yake. Kasoro yake kubwa ni kwamba unapaka kila mahali kwa nguvu ile ile na kila fremu ya video peke yake, hivyo picha zinachemka. Masimulizi ya binadamu husema vingine: uso hukaa pale palipo na fununu ya uso, kama mafundo mawili na ufa chini yake. Ukiuigiza, punguza marudio na uziunganishe fremu, usije ukawapa watu uji wa macho.

Kwa ukuta unaopumua, makisio yaliyolegea ndiyo bora tuliyo nayo, kwa shingo upande. Shida ya nadharia hii ni ulaini. Mtu akiona zaidi, inasemwa makisio yamelegea. Akiona pungufu, makisio yamelegea. Kipimo kinachoipa uti wa mgongo ni cha Olivia Carter na wenzake, mwaka 2004: silosaibini iliharibu uwezo wa kutambua mwendo wa jumla wa nukta nyingi, lakini haikuharibu usikivu wa kawaida wa utofauti wa mwanga kwenye mistari inayosogea. Yaani kazi ya chini ilibaki, kazi ya kukusanya vipande kuwa kitu kimoja ikaathirika. Vipimo vya umeme wa ubongo vya Michael Kometer mjini Zurich, mwaka 2013, vinaelekea huko: silosaibini ilipunguza wimbi linalotokea kama milisekunde 170 baada ya picha, wakati maumbo yanapounganishwa, na ketanserini ikazuia upungufu huo. Ukitumia nadharia hii kwenye tasnifu, funga mkanda kwa kusema mapema ni jibu gani lingeikanusha.

Lango la thalamasi, kwa ufupi

Nadharia hii ni ya zamani kuliko mbili zilizotangulia na Vollenweider ndiye mtetezi wake mkuu. Thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, huchuja habari zinazopanda kwenye gamba. Dawa hulegeza lango, gamba linafurika. Katrin Preller na wenzake, mwaka 2019, walipata kwa picha za MRI kwamba LSD huongeza mtiririko kutoka thalamasi kwenda sehemu ya nyuma ya gamba la singuleti, jambo linaloiunga mkono kwa kiasi. Lakini ni nadharia ya wingi, si ya umbo. Inaweza kueleza kwa nini rangi zinakolea na kelele zinakera. Ukiiuliza kwa nini sega na si ngazi, haina la kusema. Itumie kama sura ya utangulizi, si kama nguzo.

Ushahidi unapogongana

Atakayesoma zaidi atakutana na tafiti mbili zinazoonekana kukanushana. Mwaka 2019 Angie Michaiel, Philip Parker na Cristopher Niell waliwapa panya DOI, dawa inayoshika 5-HT2A, wakapata kwamba V1 inaitikia picha kwa unyonge zaidi na majirani wanazuiana kidogo kuliko kawaida, huku uchaguzi wa mwelekeo ukibaki ule ule. Habari kutoka machoni, basi, zimepunguzwa sauti. Mwaka 2020 Andrea Alamia na wenzake walipima umeme wa ubongo wa watu waliopewa DMT macho yakiwa yamefumbwa. Mawimbi yanayosafiri kutoka nyuma ya kichwa kwenda mbele yaliongezeka na yanayorudi nyuma yakapungua, kama kwamba mtu anatazama kitu. Habari zinazopanda, basi, zimeongezwa sauti.

Kabla ya kuchagua upande, angalia kilichopimwa. Panya walikuwa wakionyeshwa picha. Binadamu walikuwa wamefumba macho. Panya walipimwa seli moja moja. Binadamu walipimwa mawimbi ya kichwa kizima, na wimbi linalokwenda mbele si lazima liwe limebeba habari za jicho. Ukiyaweka pamoja, hadithi moja inawezekana: V1 inasikiliza jicho kidogo, inajizungumzia yenyewe zaidi, na maeneo ya juu yanapokea mazungumzo hayo kana kwamba yametoka nje. Kazi ya LSD ya mwaka 2016 ya Carhart-Harris na wenzake (watu 20, mikrogramu 75 kwenye mshipa) inakaa vizuri hapo: mawimbi ya alfa (mdundo wa umeme wa ubongo wa mara kumi hivi kwa sekunde) yalishuka, V1 ikaongeza mawasiliano na sehemu nyingi za gamba, na vyote viwili viliendana na ukubwa wa maono ya macho yaliyofumbwa.

Tahadhari moja kwa anayesoma grafu za alfa: alfa hushuka mtu akifumbua macho tu. Utafiti usioeleza jinsi ulivyohakikisha macho yamefumbwa, uweke kando. Na kwa picha za MRI kumbuka kwamba kipimo ni cha damu, na serotonini hugusa mishipa ya damu pia. Unapochagua utafiti wa kutegemea, upe uzito ule uliopima na umeme wa ubongo. Kwa vipimo vya macho wazi, uliza kuhusu mboni. Iliyotanuka hupunguza ukali wa picha, na mtafiti asiyeweka tundu bandia la upana mmoja mbele ya jicho anaweza kuupa ubongo lawama za lenzi.

Mikia ya mwendo: kazi isiyo na mwenyewe

Mkono ukipita mbele ya macho huacha nyuma picha zake, moja moja, kama chini ya taa inayomemeta. Julien Dubois na Rufin VanRullen walikusanya masimulizi hayo mwaka 2011 na kuuliza kama kuona kwenyewe huenda kwa vipande. Hakuna nadharia kati ya nne inayoishika barabara. Lakini kipimo chake ni rahisi: gawa kasi kwa nafasi. Mkono ukienda nyuzi 90 kwa sekunde na picha zikaachana kwa nyuzi 6, ni picha 15 kwa sekunde. Ongeza kasi mara mbili: nafasi ikipanuka mara mbili, kuna saa inayogonga ndani ya ubongo. Ikibaki nyuzi 6, tafuta sababu kwenye ramani ya nafasi.

Ukilazimika kuchagua leo

Macho yaliyofumbwa, mchoro mtupu, unahama na jicho: mawimbi ya gamba, bila kusita, na anza na kanuni ya Horton na Hoyt kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Macho wazi, kitu chenye jina, kinabaki mahali pake: mtandao wa ndoto kwa kuigiza, ila kwenye maandishi sema wazi kwamba mtandao ni mfano, si ushahidi kwamba ubongo unafanya hivyo. Macho wazi, hakuna kitu kipya lakini kilichopo kinatembea au kuyeyuka: makisio yaliyolegea, pamoja na kipimo cha mwendo wa jumla. Kazi ya maelezo ya jumla kwa wasio wataalamu, kurasa mbili tatu: kipokezi na lango vinatosha.

Kuna hali moja ambapo nisingechagua yoyote. Wapo watu wanaoendelea kuona mikia, chembechembe kama theluji ya televisheni au vivuli vya rangi wiki au miezi baada ya dawa kuisha mwilini. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, unautambua kama ugonjwa. Nadharia zote nne zinaanza na dawa iliyoko kwenye kipokezi. Hapa dawa haipo. Mtu kama huyo anahitaji daktari wa macho na wa neva wa kuondoa kwanza sababu nyingine, ikiwemo kifafa na ugonjwa wa retina.

Na mara nyingi tatizo si nadharia bali simulizi lenyewe. "Niliona maumbo yakizunguka" haligawanyiki popote. Kama msimuliaji yupo, mpe karatasi yenye nukta moja katikati, achore maumbo kuanzia kwenye nukta kwenda nje, aandike jicho lilikuwa linatazama wapi, na ukuta ulikuwa mita ngapi. Kama hayupo, na maandishi hayasemi, liweke simulizi hilo kwenye kundi la "haijulikani" na uendelee na mengine.